Kushika simu si kuwa shahidi



Kila mumoja wetu iko na simu yenye kupiga foto. Nyumba ikianguka mu mvua, tunapiga. Barabara ikikatika, tunapiga. Askari akinyanganya motari makuta yake, tunapiga. Tunatuma mu grupe, tunaandika « mutumie wengine », kisha tunalala na kuzani kazi imekwisha.

Leo tunasema wazi: kazi haijaisha. Mara mingi haijaanza hata. Tunataka kusema juu ya kitu chenye watu wanaona kama mambo ya watoto wa matajiri: kusoma foto ku masomo ya sanaa, na apareyi ya numeriki na ile ya zamani ya pelikuli. Sisi tunasema ni jambo la raia. Wenye kutucheka watusikilize kwanza.

Kanivo ya ku karatasi

Mimi mwenye kuandika nitaanza na haya yangu mwenyewe. Mu kartie yetu hapa Bukavu, ku mulima, maji ya mvua inashuka na kubeba kila kitu. Siku moja tulisikia kama kanivo ya avenue yetu imejengwa. Imejengwa wapi? Ku karatasi. Sisi tulikuwa tunapita pale kila siku, matope mpaka ku magoti. Miezi mitatu tulipiga foto. Tukachagua kumi na mbili zenye zilikuwa nzuri, tukazitoa ku papetri, tukazipeleka ku biro yenye ilikuwa inahusika.

Bwana wa biro aliangalia foto moja moja, bila haraka. Kisha akauliza maswali tatu tu: « Hii ilipigwa siku gani? Nani aliipiga? Na ile ya kwanza kabisa, ya ndani ya apareyi, iko wapi? »

Tukaangaliana. Foto zetu zilikuwa zimepita mu WhatsApp mara sijui ngapi. Ukituma foto kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaipunguza na kuondoa alama za ndani: siku, saa, aina ya simu. Zile za kwanza nilizifuta mimi mwenyewe, juu simu ilijaa na nilitaka nafasi ya miziki. Tena tulikuwa tumepiga karibu sana: matope, jiwe, kiatu. Hakuna nyumba, hakuna ukuta, hakuna muti wenye mutu wa kartie angeweza kuonyesha na kusema: hapa ni kwa mama fulani.

Yule bwana akacheka. « Vijana, hii inaweza kuwa avenue yoyote, mwaka wowote. »

Alikuwa anadanganya juu ya kanivo. Lakini maswali yake yalikuwa ya haki. Na sisi, na simu zetu zote, hatukukuwa na jibu hata moja.

Jina, mahali, siku

Sasa turudi nyuma kidogo. Mu Mei 1904, ku misioni ya Baringa, katika Tshuapa ya leo, Alice Seeley Harris, misionere wa Uingereza, alipiga foto ya baba moja mwenye kuitwa Nsala. Walinzi wa kampuni ya kaucho walikuwa wameua watu wa nyumba yake. Nsala ameketi ku baraza. Mbele yake kuko mukono na muguu wa binti yake mudogo. Njo vyote vilibakia.

Ile foto na zingine zilionyeshwa mbele ya watu wengi Uingereza na Marekani. Mu 1908 Léopold II alilazimika kuachilia Congo, ikapita mu mikono ya serikali ya Ubelgiji. Hatusemi foto peke yake ilifanya ile kazi. Kulikuwa maripoti, barua, mikutano, watu wenye hawakunyamaza miaka na miaka. Lakini angalieni: zaidi ya miaka mia moja imepita, na tunajua jina ya Nsala. Tunajua Baringa. Tunajua mwezi na mwaka. Kama bwana wa biro yetu angeamuka na maswali yake tatu, ile foto ingemujibu.

Kuko na upande wa pili wenye uchungu. Nsala hakushika apareyi. Alipigwa foto. Na tangu ile siku, sisi Wakongomani tumepigwa foto sana. Casimir Zagourski, Mupolanda mwenye alifungua studio yake Léopoldville mu 1924, alitembea na kufanya kartepostale mingi yenye kichwa cha « Afrika yenye kupotea ». Sura za wakubwa wetu ziliuzwa, mara mingi na jina ya kabila chini, bila jina ya mutu. Leo ni nani anatupiga? Vita ikianza, mupiga foto anashuka na ndege. Kijana wa hapa anamubebea begi, anamufasiria luga, anamuonyesha njia yenye haina hatari, anaongea na askari ku bariere. Foto inatoka mu gazeti kubwa. Jina chini ya foto si ya yule kijana.

Hatumuchukii mugeni. Wengine wao walitoa hata maisha yao kusudi dunia ijue. Lakini tunauliza: mpaka wakati gani kazi yetu itakuwa kubeba begi na kusimama mbele ya objektifu ya mutu mwengine?

Nilichokuta ku darasa

Nyuma ya ile haya nilijiandikisha ku masomo ya foto, ku ekole moja ya sanaa. Jina yake sitaitaja, juu nitasema mazuri na mabaya. Tulikuwa wanafunzi 16. Apareyi za numeriki zilikuwa mbili, moja betri yake ilikuwa mbovu. Ya pelikuli ilikuwa moja, mwalimu aliitoa ku nyumba yake, ilikuwa ya marehemu baba yake.

Siku ya kwanza mwalimu alizungusha kitunga, tukaweka simu zote ndani. Akatupa kila mutu kipande cha karto chenye tundu katikati. « Muende inje. Muangalie na hii. Murudi muniambie mumeona nini. » Tulikasirika. Minervali yote ile, na unatupa karto! Lakini ile siku njo niliona mara ya kwanza kama mipaka ya foto ni uamuzi. Chenye unaacha inje, mwenye kuangalia hatakiona milele. Kumbe ku kanivo yetu sisi wenyewe tuliacha inje nyumba zenye zingetusaidia.

Kisha pelikuli. Rolo moja iko na foto 36. Tulikuwa sita ku rolo moja, kila mutu foto sita kwa juma nzima. Mimi mwenye nilikuwa napiga foto mia mbili kabla ya saa sita! Na kila foto ilikuwa na mustari wake mu kaye: namba, mahali, saa, jina ya mutu, kama alikubali ao alikataa. Foto yenye haina mustari, mwalimu hakuiangalia.

Alitufundisha mwangaza, pole pole. Kuko vitu vitatu tu: ukubwa wa tundu la objektifu, muda wenye linabaki wazi, na nguvu ya pelikuli ao ya kaptere kupokea mwangaza. Ukibadilisha kimoja, lazima ulipe ku kingine. Na alitufundisha jambo lenye hakuna simu iliniambia: apareyi inapima mwangaza kama vile dunia yote iko rangi ya majivu ya katikati. Mutu mweusi akisimama na ziwa na mbingu nyeupe nyuma yake, apareyi inatazama mbingu, inafunga, na sura ya ndugu yako inakuwa shimo la giza. Si kosa ya ngozi yake. Ni kosa ya mwenye hakupima ku sura. Zamani hata karatasi zenye labo zilitumia kupima rangi za pelikuli ya Kodak zilikuwa na foto ya mwanamuke muzungu. Mafundi walimuita Shirley. Vipimo vilifanywa bila kutufikiria. Mwenye hajasoma hawezi kujua hii, na ataendelea kuharibu sura za watu wake akizani simu ni mbaya.

Kisha chumba cha giza. Pelikuli inafunguliwa mu giza kabisa, unaizungusha ku spirali na vidole tu. Dawa ya kwanza inageuza chumvi ya feza yenye iliguswa na mwangaza kuwa feza nyeusi, ya pili inasimamisha, ya tatu inaondoa yenye haikuguswa, kisha unaosha na maji mingi. Mara mbili maji ilikata katikati ya kazi, dada moja akakimbia na bidoni. Ile siku rolo yetu ilipona juu yake.

Tulipotoa zile 36 zote pamoja ku karatasi moja, nilielewa juu ya nini mwalimu alisumbuka. Namba ziko ku ukingo wa pelikuli: 11, 12, 13. Ile ya mbele na ile ya nyuma zinaonyesha ilikuwa wapi, nani alifika kwanza, nani aliondoka. Huwezi kutoa ya 12 bila tundu kuonekana. Pelikuli nayo inaweza kudanganya: watu wa Stalin walifuta sura za watu mu foto, na hawakukuwa na kompyuta. Lakini negativu ni kitu chenye unaweza kushika, kuweka mu bahasha, kuficha kwa shangazi, na kuleta mbele ya muamuzi.

Ku numeriki alitufundisha kazi ile ile na vyombo vingine. Rekebisha siku na saa ya apareyi mbele ya kutoka. Usifute ya kwanza. Weka kopi mbili, mahali pawili. Ukitaka kuonyesha ukweli wa foto, itume kama dokima, si kama foto, kusudi alama zibakie. Lakini kama sura ya mutu inaweza kumuletea hatari, ficha sura na ondoa alama mbele ya kutuma, na ile ya kwanza uifiche salama. Kujua wakati wa kuacha alama na wakati wa kuziondoa: njo kitu mutu anasoma. Hakizaliwi na simu.

Wenye kutupinga

Wa kwanza wanasema: « Simu inatosha. » Haya. Kalamu nayo inatosha kuandika, kwa nini mulipeleka watoto ku masomo miaka sita? Leo kompyuta inaweza kutengeneza foto ya kitu chenye hakikutokea, na mutu wa kartie hataona tofauti. Kila mukubwa mwenye amekamatwa na ukweli atasema « hii ni ya akili bandia ». Mwenye atabaki amesimama ni yule mwenye kaye yake, foto zake za kwanza, na majina ya wenye walikuwepo.

Wa pili wanasema: « Pelikuli ni ya zamani, tena bei. » Ni kweli ni bei. Hatuombi kila kijana apige na pelikuli maisha yake yote. Tunaomba kila mwanafunzi apite ndani yake mara moja, sawa vile fundi wa mbao anaanza na randa ya mukono mbele ya mashini. Foto sita kwa juma zilinifundisha zaidi kuliko elfu sita za mu simu.

Wa tatu ni wazazi wetu, na tunasema nao kwa heshima: « Sanaa haileti bugali. » Baba, mama, muangalie ndoa za kila juma-mosi, matanga, diploma, kampeni za uchaguzi. Nani analipwa pale? Na muangalie wenye walitembea mbali. Sammy Baloji, mutoto wa Lubumbashi, mu 2006 aliweka foto za zamani za wafanyakazi wa migodi ndani ya foto zake za viwanda vyenye vimekufa. Alichukua foto zenye kampuni ilifanya kusudi yake yenyewe, akazifanya ziulize swali. Tangu 2008 Lubumbashi iko na biennale yake ya sanaa, yenye yeye na wenzake walianzisha. Kiripi Katembo, aliyezaliwa Goma mu 1979, alisoma uchoraji ku Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa. Watu wa muji walikataa kupigwa foto, yeye akawapiga ndani ya maji ya bilima-lima, ku matope ya barabara, kisha akageuza foto juu chini. Alikufa mu 2015, bado kijana. Ile maji chafu yenye sisi tunaruka kila siku, yeye alifanya dunia iisimamie na kuiangalia.

Wa ine, na hawa hatuwaonei huruma, ni wa ateliye ya siku tatu. Munajua vile inaendaga. Banderole, tishati, liste ya waliofika, makuta ya transporti, soda na sambusa. Siku ya tatu unapewa sertifika ya « mupiga foto mwanainchi ». Apareyi zinarudi mu gari na wenye walizileta. Wanapiga foto ya familia na sisi, na ile foto njo matunda pekee ya ateliye. Ma-ONG mutusikilize: na ile makuta ya ateliye zenu, ekole moja ingepata dawa, pelikuli na lampe nyekundu ya mwaka muzima.

Wa mwisho ni ekole zenyewe. Mulikubali minervali yetu, lakini apareyi mbili kwa watu 16 ni nini? Dada watatu tu mu darasa, na hakuna mutu alijiuliza juu ya nini. Mutihani ulikuwa wa kukariri historia ya foto ya Ulaya; hakuna swali moja juu ya Baringa. Ile kaye ya mwalimu haikukuwa mu programu, aliiongeza yeye mwenyewe. Yeye akiondoka, kaye inaondoka.

Na serikali? Académie ya Kinshasa ilianza mu 1943 ku Gombe-Matadi, ikahamia muji mukubwa mu 1949. Ni zamani sana. Lakini kutoka Bukavu hakuna barabara nzima yenye inafika Kinshasa. Mutoto wa huku mwenye anataka kusoma pale anapanda ndege ao anaacha ndoto. Tena kobalti ya ndani ya betri za zile apareyi, zaidi ya nusu ya ya dunia inatoka Congo, na koltani ya Rubaya inaingia mu vipande vidogo vya umeme vya simu na apareyi. Udongo wetu uko ndani ya macho ya dunia yote, na darasa la 16 linagombania betri moja mbovu!

Tunataka nini

Tunataka foto iwe somo la kweli ku kila ekole ya sanaa ya ma-provensi, si ya kujaza saa. Apareyi moja kwa wanafunzi wane, mbaya zaidi. Rolo moja ya pelikuli kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na chumba cha giza. Chumba cha giza si hospitali: ni pazia nyeusi, mabeseni matatu, lampe nyekundu, termometre, na maji safi. Tunataka kaye ya foto iingie mu programu na mu mutihani. Tunataka nafasi za dada zihesabiwe tangu kujiandikisha. Tunataka foto za wanafunzi zihifaziwe hapa, mu muji wenye zilipigwa, na jina ya aliyepiga na ya aliyepigwa kama amekubali.

Na sisi wenyewe tusingojee. Tangu leo, kila mutu afungue kaye. Kila foto ya jambo la raia ipate mistari yake: jina, mahali, siku, saa. Piga karibu, kisha rudi nyuma uonyeshe ukuta wenye watu wanajua. Usifute ya kwanza. Omba ruhusa. Linda sura ya muzaifu. Mwenye alisoma afundishe watatu, bila sertifika, bila soda.

Ile kanivo bado haijajengwa. Musimu huu wa mvua tumeanza tena, kila juma-mosi saa mbili asubui, mahali pale pale, nyumba ya mama muuza makala ku mukono wa kushoto, yeye mwenyewe alikubali iwe alama. Negativu ziko mu bahasha, foto za numeriki ziko mahali pawili, kaye iko na mistari 22.

Tutarudi ku biro. Bwana, maswali yako tatu tunayakumbuka. Tafazali uyaulize tena.